Nyumba ya Ugenini, Sheria ya Wenyewe: Hotuba kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Akiba na Mikopo, Sinza

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita ukumbini Sinza. Wengi mlikuwa safarini au dukani, mkaniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za mchana?

Nashukuru kwa kunialika. Kazi yangu ni uwakili wa mambo ya ardhi na nyumba. Zamani waliokuja ofisini walikuwa na kiwanja cha Goba, shamba la Mkuranga, au nyumba ya Mbagala iliyouzwa kwa watu wawili. Siku hizi mtu anaingia, hajakaa vizuri, anafungua simu na kunionyesha ghorofa la vioo: "Wakili, nataka kununua hii, iko Dubai." Mwingine anataka Nairobi. Mwingine Pretoria, kwa sababu mwanawe anasoma huko. Mwingine ana dada yake Leicester anayempigia kila wiki kumwambia nyumba zinapanda bei, awahi.

Sikuja kumvunja mtu moyo. Wapo Watanzania walionunua nje, wanapokea kodi ya pango, wanasomesha watoto kwa fedha hiyo. Wapo wenye biashara ya kwenda na kurudi ambao nyumba ya huko imewaokoa na gharama za hoteli. Hao ninawaheshimu. Ninachotaka kuwaambia ni kimoja, na nitakirudia leo mpaka mnichoke: ukinunua nyumba ugenini, unanunua haki iliyoandikwa kwenye sheria ya wenyewe. Kuta utaziona. Vigae utavikanyaga. Lakini ile haki huioni mpaka siku ya ugomvi, siku ya kuuza, au siku ya msiba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: nanunua haki gani?

Tuanze kwa jirani. Mzee mmoja mfanyabiashara wa nafaka alikuwa akienda Taveta mara kwa mara. Akaonyeshwa shamba zuri, maji yapo, barabara ipo. Akapenda. Wakamwambia, mzee, wewe si Mkenya, hati tuiandike kwa jina la binamu yako wa upande wa pili, ninyi si damu moja? Wakaandikishana karatasi kwa mkono, mashahidi wakatia dole gumba, soda zikanywewa. Miaka ikapita. Binamu akafariki. Watoto wa binamu wakafungua kabati, wakakuta hati ina jina la baba yao, wakauza.

Mzee akaja kwangu na ile karatasi. Ndugu zangu, mnadhani nilimwambia nini?

Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa upangaji wa muda tu, na muda huo hauzidi miaka 99. Ukiandikiwa zaidi ya hapo, sheria inahesabu kuwa umepewa miaka 99. Na ujanja wa kutumia jina la raia umeshazibwa humo humo: mali iliyowekwa kwa amana, yaani mmoja anaishika kwa niaba ya mwingine, inahesabiwa kuwa ya raia endapo tu wanaonufaika nayo wote ni raia. Shamba la kilimo ndiyo kabisa, lina idhini zake za Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mgeni hazipati hivi hivi. Kwa hiyo yule mzee, kisheria, alikuwa na nini? Alikuwa na karatasi. Shamba lilikuwa la binamu.

Na tusiwalaumu Wakenya, maana na sisi tuko vivyo hivyo. Sheria yetu ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, haimruhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mmewaona wageni hapa Dar waliojenga kwa jina la mchumba. Mchumba alipobadilisha mawazo, mgeni aliondoka na nini? Na begi lake. Basi kwa nini sisi tukifika kwa watu tunajifanya wajanja kuliko sheria zao?

Anayetaka Nairobi, fleti anaweza kununua, kwa upangaji wa muda huo niliousema. Lakini uliza: huu muda ulianza lini? Hati ya miaka 99 iliyoanza mwaka 1960 inaisha 2059. Mwanao atakuwa na umri gani? Muuzaji hatakwambia, kazi yake ni kukuonyesha jiko na mandhari. Wakili wako ndiye atakayefanya upekuzi kwenye masijala ya ardhi kuona muda uliobaki, kama nyumba imewekwa rehani, kama kuna zuio la mahakama. Na ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, uwe nao pembeni. Nasema wakili wako. Ukiletewa wakili na muuzaji, huyo ni wa muuzaji, hata akikuita kaka.

Sasa Dubai. Najua ndiyo wengi mlikuja kusikia.

Dubai ilifungua mlango kwa wageni mwaka 2002, na Sheria Namba 7 ya mwaka 2006 ikaweka mambo vizuri: mgeni anaweza kumiliki kabisa, bila ukomo wa miaka, katika maeneo yaliyotengwa. Nasisitiza, yaliyotengwa. Nje ya maeneo hayo, habari ni nyingine. Kila mauziano yanaandikishwa Idara ya Ardhi ya Dubai, na ada ya uandikishaji ni asilimia 4. Dirhamu yao imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo fedha yao haiyumbi kama nyingine. Haya ni mazuri, na nayasema kwa moyo mweupe.

Shida yetu iko kwenye maonyesho. Mnayajua haya maonyesho? Hoteli ya Masaki, viyoyozi, juisi, vijana wamevaa suti, mfano mdogo wa jengo uko mezani unawaka taa. Nyumba yenyewe haijajengwa, unanunua kwenye ramani. Unaambiwa leo ndiyo siku ya mwisho ya punguzo. Weka asilimia 10, nyingine utalipa kidogo kidogo.

Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, kijana makini kwenye biashara yake, alilipa. Alikuja kwangu akijiandaa kutuma awamu ya pili, anataka tu nimsomee mkataba. Nikamwambia, naomba kwanza risiti ya awamu ya kwanza. Akaitoa kwenye pochi, imekunjwa mara nne. Juu nembo ya kampuni, rangi ya dhahabu. Chini muhuri. Katikati, kwa herufi ndogo, jina la mwenye akaunti iliyopokea fedha. Lilikuwa jina la mtu. Mtu binafsi, mwenye jina la kwanza na la ukoo.

Nikamuuliza, huyu ni nani? Akasema, nadhani ni wakala.

Jamani. Baada ya bei za Dubai kuanguka vibaya mwaka 2008 na 2009 na miradi mingi kufia njiani, watu wengi walijikuta wamelipia majengo ambayo hayakupanda kutoka chini. Tayari mwaka 2007 Dubai ilikuwa imetunga Sheria Namba 8, inayotaka fedha za wanunuzi wa nyumba za kwenye ramani ziingie kwenye akaunti maalumu ya mradi, wenyewe wanaiita eskro. Mjenzi hachoti atakavyo, anapewa kadiri jengo linavyopanda. Fedha ikiingia humo, sheria inakulinda. Ikiingia kwa wakala, unamtegemea wakala na Mungu wake. Idara ya Ardhi ya Dubai ina programu ya simu inayoitwa Dubai REST, unaangalia mradi umesajiliwa au haukusajiliwa na ujenzi umefika wapi, ukiwa hapa hapa Sinza. Tulikaa na yule kijana tukautafuta mradi wake kwa jina. Haukuwepo. Awamu ya pili haikutumwa. Ya kwanza mpaka leo anaidai.

Kwa hiyo ukitoka hapa bila kushika lingine lolote, shika hili: jina la akaunti kwenye risiti. Akaunti ya mradi, iliyosajiliwa, basi. Na ukishalipa, udai uandikishwe kwenye daftari la awali la Idara ya Ardhi, wanaliita Oqood. Mkataba uliosainiwa mezani hotelini bila Oqood bado ni ahadi.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Fleti ya dirhamu 800,000. Asilimia 4 ya uandikishaji ni 32,000. Wakala asilimia 2, ni 16,000, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya ada yake. Umeshafika 848,800 kabla hujanunua pazia. Umepangisha kwa 50,000 kwa mwaka. Kwenye bango imeandikwa faida inazidi asilimia 6, na ni kweli ukigawanya 50,000 kwa 800,000. Sasa toa sevisi chaji, yaani ada ya kutunza jengo. Kule inatozwa kwa kila futi ya mraba. Tuseme fleti ni futi 700 na ada ni dirhamu 16 kwa futi, hiyo ni 11,200. Toa ya msimamizi, maana wewe uko Tabata huwezi kwenda kuangalia bomba linalovuja, tuseme 2,500. Toa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu. Umebaki na kama 32,000. Gawanya kwa fedha uliyotoa kweli. Haifiki asilimia 4.

Wakati huo huo, miaka ya karibuni Benki Kuu yetu imekuwa ikipiga mnada hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali, za miaka 20 na 25 kwa riba inayozidi asilimia 12, na mpangaji wake hahami. Mtaniambia, wakili, ile ni shilingi na hii ni dola. Sawa kabisa, hoja hiyo ina uzito, shilingi tuliiona ilivyoteremka mwaka 2023 na 2024 na dola zilivyoadimika. Ninachotaka ni uweke hesabu zote mbili mezani. Mtu wa maonyesho amekuwekea moja.

Hapo kwenye fedha za nje nawapeleka Afrika Kusini, na hii ni ya mama mmoja mwalimu na mumewe. Mwaka 2011 walimnunulia binti yao fleti Pretoria, karibu na chuo. Wazo zuri, kodi ya hosteli wakaiokoa, chumba cha pili wakapangisha. Walinunua randi 700,000, na wakati ule dola moja ilikuwa kama randi 7. Yaani dola 100,000. Mwaka 2023 binti kamaliza, kaolewa, wakauza 1,300,000. Furaha! Karibu mara mbili! Lakini dola sasa ilikuwa inazidi randi 18. Walipobadilisha, wakapata kama dola 70,000. Nyumba ilipanda, fedha ya nchi ikashuka, na wao walikuwa wamesimama katikati.

Na hata hizo 70,000 nusura zikwame. Afrika Kusini ina udhibiti wa fedha za kigeni. Mgeni akinunua kwa fedha iliyotoka nje, hati yake inatakiwa kugongwa muhuri wa "asiye mkaazi", ili siku ya kuuza fedha iruhusiwe kurudi ilikotoka. Hati yao haikugongwa. Aliyewashughulikia alisahau, au hakujali. Benki ikasema, thibitisheni kwamba fedha ya 2011 ilitoka Tanzania. Miaka 12 imepita! Nani anatunza karatasi hizo?

Yule mama anatunza. Alikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake kadi za kliniki za watoto, vyeti vya ubatizo, na nakala ya SWIFT, yaani hati ya benki ya kutuma fedha nje, ya ule uhamisho wa 2011, wino umefifia lakini namba ya muamala inasomeka. Karatasi hiyo ndiyo iliyorudisha fedha nyumbani. Mama zangu, mnaodharauliwa kwa kutunza makaratasi, endeleeni.

Kutoka hapa kwenda huko nako kuna utaratibu. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 na kanuni zake zipo, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Kabla hujasaini chochote nje, nenda benki yako, waambie unataka kufanya nini, uulize wanahitaji nyaraka gani na idhini gani. Usipitishe fedha ya nyumba kwa mtu wa mtaani wa kubadilisha, kwanza ni kosa, pili hutakuwa na SWIFT, na mmeona SWIFT ilivyomwokoa mtu. Na kodi: ukiwa mkaazi wa Tanzania, mapato yako ya dunia nzima yanahusika na TRA, pango la Dubai likiwemo. Kodi uliyolipa kule inaweza kupunguzwa kwenye ya hapa, lakini lazima useme na uwe na ushahidi. Kunyamaza kunageuka deni lenye riba.

Kuhusu vibali vya ukaazi nitapita haraka, maana sheria hizi zinageuka kila kukicha. Kanada iliwazuia wageni kununua nyumba za kuishi kuanzia Januari 2023, ikarefusha hadi mwanzo wa 2027. Australia imewazuia kununua nyumba zilizokwishajengwa kuanzia Aprili 2025. Ureno iliondoa nyumba kwenye mpango wake wa ukaazi kwa wawekezaji mwaka 2023, Hispania ikafunga wa kwake Aprili 2025. Dubai bado inatoa ukaazi wa miaka 10 kwa mwenye nyumba ya kuanzia dirhamu milioni 2. Uingereza haikuzuii, inakutoza: asiye mkaazi anaongezewa asilimia 2 kwenye ushuru wa stempu, na kama tayari una nyumba nyingine popote duniani, hata hii ya Kimara, kuna nyongeza nyingine ya asilimia 5. Ukisikia "nunua nyumba upate makaratasi", uliza sheria ya mwezi huu, siyo ya video uliyotumiwa.

Sasa naomba mnisikilize kwa hili la mwisho, maana ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama mmoja wa Upanga alifiwa na mumewe. Arobaini imepita, anashughulikia simu ya marehemu ili aifunge, ujumbe ukaingia kwa Kiingereza: sevisi chaji ya fleti yako haijalipwa. Fleti gani? Hakuna aliyejua. Marehemu alinunua Dubai kwa jina lake peke yake, kwa nia njema kabisa, alitaka kuwashangaza wanawe wakubwa wakienda kusoma. Hakumwambia mtu.

Mama akaenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi. Akadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Ile barua ya mahakama yetu, Dubai haiitambui ikifika mkononi tu. Ikathibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje. Ipelekwe ubalozi wao hapa. Itafsiriwe Kiarabu na mtafsiri anayetambulika. Kisha mahakama ya kule nayo iamue nani ni mrithi, na kwa Mwislamu ni kwa sheria ya Kiislamu, mafungu yanahesabiwa, shangazi na baba wadogo wanaanza kupiga simu. Muda wote huo sevisi chaji inaongezeka. Mpangaji, akisikia mwenye nyumba amekufa, anaacha kulipa. Tiketi, wakili wa kule, mtafsiri, vyote vinataka fedha, na fedha ya nyumbani imefungwa kwenye mirathi ya huku. Aliuza gari. Watoto walihamishwa shule.

Nawauliza: yule baba aliwapenda wanawe au hakuwapenda? Aliwapenda sana. Lakini aliwaachia fleti iliyokuwa haifunguki.

Na kila nchi ina mlango wake. Afrika Kusini, msimamizi anateuliwa na ofisi ya kule, barua ya mahakama yetu ya Kisutu haitoshi. Uingereza, nyumba iliyoko kule ina kodi ya mirathi ya asilimia 40 kwa thamani inayozidi pauni 325,000, hata kama marehemu hakuwahi kuishi London siku moja. Dubai, wasio Waislamu wanaweza kuandikisha wosia kituo cha fedha cha kule, DIFC, na huduma hiyo ipo tangu 2015. Ni gharama, ndiyo. Kamuulizeni yule mama kipi ni ghali.

Kwa hiyo mwenye nyumba nje, au mwenye mpango, naomba leo usiku kabla hujalala ukae na mwenzako. Mwambie nyumba iko wapi. Jina la jengo, namba ya fleti, akaunti inayopokea kodi, simu ya msimamizi. Mwonyeshe hati ilipo. Kama sheria inaruhusu majina mawili, mfikirie majina mawili tangu kwenye mkataba. Kisha wosia, mmoja wa huku na wa kule, na mawakili wasomeane ili mmoja usije ukafuta mwingine.

Na wale ambao kiwanja chenu cha Bunju, cha Chanika, cha Kibaha bado hakina hati, mnamiliki kwa karatasi ya serikali ya mtaa tangu miaka ile, halafu mnaniuliza habari za Dubai: anzeni hapo. Pimeni, lipeni, mchukue hati yenu. Hapo sheria ni yetu, ofisi ni ya kupanda daladala, na mrithi wako hatahitaji mtafsiri.

Mwenyekiti amenipa saa moja ya maswali. Mwenye mkataba wa nje, awe amesaini au hajasaini, alete mezani tuusome pamoja, tukianzia kwenye risiti. Mama wa kitenge cha bluu umenyoosha mkono tangu nilipotaja Pretoria, karibu uanze wewe.